Kila Mtu na Kitufe Chake

Bango lilipokunjuliwa juu ya meza, Sindano hakusema neno. Na Sindano kukosa la kusema, jamani, hiyo peke yake ilikuwa habari. Huyu alikuwa fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye sauti yake hufika kazini kabla yake. Alilizunguka bango lake jipya taratibu, akachomoa kipande cha kitambaa kwenye mkoba, akakilaza juu yake.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Kitambaa chako," alijibu Bi Rangi.

"Rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Na hii ya kwenye bango?"

Bi Rangi aliinama kutazama. Ilikuwa zambarau. Zambarau tupu, haina hata aibu. Na wale wasichana watatu waliovalishwa sare alizoshona Sindano, nyuso zao zilikuwa na ubuluu kama waliopigwa picha ndani ya friji.

"Mwenzangu, kesho nafungua duka," alisema Sindano, na sasa sauti ilikuwa imerudi yote. "Watu wanakuja kuona sare za damu ya mzee. Mlangoni wanakuta zambarau na maiti watatu wanatabasamu. Niwaambie nini?"

"Nipe mpaka alasiri. Nitalitengeneza upya."

"Alasiri, si jioni!" Akachukua mkoba wake, akakiacha kitambaa palepale juu ya bango, kama polisi anayeacha ushahidi, akaondoka.

Sasa, jina hilo la Bi Rangi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Duka lilikuwa la picha na mabango: chumba cha mbele chenye kaunta, cha kati chenye kompyuta, na cha nyuma ambako mumewe, mtu wa maneno machache aitwaye Bwana Mashine, alikuwa akitawala printa kubwa yenye ukubwa wa kitanda. Mume alichapa, mke alisafisha picha. Ukimletea Bi Rangi picha iliyopigwa chini ya taa mbovu, alikuwa akiitazama tu, anavuta hiki, anasukuma kile, na ngozi ya mtu inarudi kuwa ngozi ya mtu. Watu walivuka maduka mengine kadhaa kumfuata yeye, kwa ajili ya hilo jicho lake tu.

Na hilo jicho ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Kwa wiki kadhaa rangi zilikuwa zinampiga chenga. Alikuwa akiangalia kitu halisi, anageukia skrini, na viwili hivyo havikubaliani. Alimtumia mteja mmoja picha ya mtoto kwa simu, yule baba akauliza kwa upole kwa nini mwanawe amekuwa wa buluu. Bi Rangi alicheka, akasema simu za siku hizi hazifai. Baada ya hapo akaingia chooni, akakaa kidogo.

Mama yake mzazi alikuwa akifuma vitambaa vya meza. Alianza hivihivi, kwa kuchanganya uzi wa kijani na wa buluu, watu wakacheka na yeye akacheka nao. Mwisho wake alikuwa akishikwa mkono kwenda uani. Bi Rangi hakumwambia mtu yeyote anachowaza. Alijikaza kisabuni, akawa anajipima kisirisiri mbele ya skrini: anafumba jicho hili, anafumbua lile, anasogea, anarudi nyuma, anafuta machozi, anaanza tena. Alidhani hakuna anayemwona. Nyumba yenye watu wanne na duka moja, nani asiyemwona!

Asubuhi hiyo, Sindano alipoondoka, alishika simu na kumpigia shemeji yake, mdogo wa Bwana Mashine, ambaye ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo mzima. "Njoo uitazame hii skrini," alimwambia. Hakusema la zaidi. Lakini moyoni alikuwa anaomba, na aliomba kwelikweli, skrini ikutwe na hatia. Kwa sababu kama skrini ni nzima, basi mbovu ni yeye.

Shemeji alifika na begi lake mgongoni na midomo ikiwa tayari imeanza kazi. "Shemeji, nimeitwa kama zimamoto. Moto uko wapi?"

"Kaa hapo uache mdomo."

"Nikiacha mdomo nitakaa na nini?" Akavuta kiti.

Wote walikuwepo. Binti wa nyumbani, aliyekuwa likizo ya chuo, alikuwa kaunta. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani na mkasi wake, akipunguza kingo za picha ndogondogo na kuzitia kwenye bahasha. Kazi hiyo aliipenda na hakuruhusu mwingine aiguse. Bwana Mashine alisimama kwenye mlango wa nyuma, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

Shemeji alifungua mipangilio ya kompyuta, akakuna kidevu. "Shemeji, wewe unafanya kazi saa ngapi?"

"Si kama hivi, mchana. Unaniuliza nini?"

"Basi mbona kompyuta yako inaamini ni usiku?" Akageuza kiti ili wote waone. Kulikuwa na kitu kinachoitwa mwanga wa usiku, alieleza, kinachotia skrini umanjano ili isiumize macho ya mtu gizani. Kazi yake ni usiku. Hapa kilikuwa kimewashwa asubuhi, mchana na jioni, na nguvu yake imevutwa mpaka mwisho. "Yaani wewe umekaa ndani ya kiini cha yai wiki zote hizi."

Kaunta ilikohoa.

Bi Rangi aligeuka. Binti yake alikuwa anapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mama, usinikasirikie," alisema. "Nilikuona unafumbafumba macho. Nikasoma mahali kwamba mwanga mkali unachosha. Nikaona nikusaidie kimyakimya, maana nikikwambia upumzike kidogo unasema hujachoka."

"Ukanisaidia mpaka nikageuza mtoto wa watu kuwa buluu!"

Maana ndivyo ilivyokuwa, na Bi Rangi alilielewa palepale. Skrini ilimwonyesha kila kitu kikiwa na umanjano, naye, mtu wa kazi, aliuondoa umanjano kwa kuongeza buluu. Mbele yake picha ilikaa sawa. Nje ya skrini buluu ilibaki. Tumaini lilianza kumjia, lakini hakuthubutu kulishangilia. Alifungua picha ya wale wasichana kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla hajaigusa, akachukua kipande cha kitambaa cha Sindano na kukishikilia ubavuni mwa skrini.

Umanjano ulikuwa umeondoka. Lakini sare kwenye skrini bado ilikuwa nyeusinyeusi, kama imelowa.

"Ongeza mwanga," aliamuru.

Shemeji alisukuma kitelezi cha mwanga mpaka juu. Hakuna kilichobadilika. Akakishusha, akakipandisha. Wapi! Skrini ilikuwa inajikausha kama mtu anayeitwa kwenda kuosha vyombo. Shemeji alitafuta ukurasa mwingine, na mwingine ndani ya huo, akiguna. Hili ndilo linalomtia wazimu, alisema: mambo ya skrini hayakai pamoja. Kidogo kiko huku, kidogo kiko kule, kila kipande kina mlango wake na hakuna mlango unaojua mwenzake kaamua nini. Mwishowe alipiga magoti, akachungulia chini ya ukingo wa skrini kwa tochi ya simu.

"Ahaa! Hapa kuna vitufe. Skrini ina mipangilio yake yenyewe tumboni, haimsikilizi mtu." Alibonyeza, na orodha ndogo ikatokea kwenye kona. "Mwanga umeshushwa mpaka chini kabisa. Na imewekwa kwenye hali ya sinema. Nani hapa anaangalia sinema?"

Mkasi wa dirishani ulikuwa unafanya kazi kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida.

"Mama?" Shemeji aliita.

"Mimi kompyuta siijui," alisema mama mkwe bila kuinua uso.

"Sijasema kompyuta, mama. Nimesema vitufe."

"Vitufe ni vya televisheni. Televisheni nimeanza kuiwasha na kuizima wewe hujazaliwa." Akaweka mkasi chini, na sasa alimtazama mkamwana wake, si mwanawe. "Juzi nilikukuta unafuta machozi mbele ya hilo dude, mwanangu. Nikasema mwanga wake unamtesa. Ulipokwenda kuoga nikabonyeza mpaka likatulia. Nimekosa?"

Bi Rangi alitaka kukasirika akashindwa. Huyu mama alikuwa na magoti mabaya. Kuinama chini ya ile meza kumemgharimu. "Hujakosa, mama," alisema. "Ila ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia kinachokuliza."

Shemeji, aliyejua pa kuingilia, alirudisha mwanga juu na kuondoa sinema, na chumba kizima kikaangaza. Bi Rangi akasogeza tena kitambaa. Sasa sare haikuwa nyeusi tena. Sasa ilikuwa nyekundu ya kupiga kelele, nyekundu ya nyanya iliyoiva kupita kiasi.

"Makubwa haya," alisema binti.

"Tulia, tunakaribia." Shemeji alikuwa amenusa kitu. Kulikuwa na mlango mwingine bado, alisema: kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta ina programu yake, inajificha karibu na saa kule chini, na watu wengi hawajui kama ipo. Aliifungua. "Mnaona? Mtu ameingia humu akakoleza rangi zote. Ukolevu juu, mng'ao juu. Huyu ni mshamba wa mwisho. Rangi hazikolezwi hivi kwenye kompyuta ya kazi! Nani huyu?"

Mama mkwe alitikisa kichwa kukana. Bwana Mashine alikana kwa kuinua mabega. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Sema," alisema Shemeji. "Usiogope, sitamchapa."

"Baba mdogo, si wewe? Siku ile ulipoileta kompyuta. Ulisema, ngoja nimkolezee shemeji rangi, aone raha."

Mwenzangu, kicheko kilichopasuka humo ndani kilimfanya mpita njia asimame mlangoni. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Shemeji alijifanya hamnazo, akakodolea skrini macho kana kwamba kuna jambo jipya sana pale, lakini masikio yake yalikuwa yamemuumbua. "Wakati ule nilikuwa bado sijakomaa kitaalamu," alisema.

"Ni mwezi uliopita!"

"Mtu hukomaa."

Alizirudisha rangi mahali pake. Bi Rangi hakuwa anacheka tena. Alikishikilia kitambaa ubavuni mwa skrini, akatazama kitambaa, akatazama sare, akatazama kitambaa. Damu ya mzee, na damu ya mzee. Kisha akafungua bango kama alivyolikabidhi kwa uchapaji, lile lile alilokuwa ameapa kwamba ni sahihi.

"Zambarau!" alipiga kelele. "Naiona! Ni zambarau kabisa!"

Sijui kama kuna mtu amewahi kuifurahia kazi yake mbovu kiasi hicho. Alimshika binti yake mabega akamwonyesha, akamwonyesha mama mkwe, akamwonyesha Shemeji ambaye tayari alikuwa ameona. Alikuwa anaiona kwenye skrini! Kwa macho yake mwenyewe, yale yale, aliona kosa ambalo Sindano aliliona. Alikaa chini palepale, akaanza upya na picha ya kamera, vidole vikikimbia, na kazi iliyokuwa ikimtoa jasho mwezi mzima ilimalizika hata kabla Shemeji hajamaliza kujitetea. Nyuso za wasichana zilirudi kuwa za watu walio hai na walioshiba.

"Natuma kipande cha majaribio," alisema.

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Mashine kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Niisafishe mashine."

"Utaisafisha baadaye." Alikuwa ameshabonyeza.

Walikwenda wote nyuma kuisubiri. Printa ilinguruma, kichwa chake kikaenda na kurudi, na karatasi ikaanza kujitokeza ulimi kwa ulimi. Ilitoka sare. Ilitoka nyuso.

Ilikuwa rangi ya tofali. Sare ya tofali, na wasichana watatu kama waliokaushwa juani wiki nzima.

Bi Rangi aliichukua, akaisogeza kwenye taa, akaiwekea kitambaa juu. Furaha yote ilimtoka. Skrini ilikuwa nzima sasa, Shemeji ameisafisha mlango kwa mlango, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipima. Kilichobaki kuwa kibovu ni kimoja tu.

"Basi ni macho yangu," alisema.

"Macho gani, mama?" aliuliza binti.

Akayasema yote, pale pale mbele ya printa, mambo aliyoyafungia kifuani muda wote huo: mama yake na nyuzi zake, kujipima kwa jicho moja moja, chooni alikokwenda kukaa. Aliyasema haraka haraka, huku ameikumbatia ile karatasi ya rangi ya tofali. "Hata sasa hivi nimeiona ni sawa," alisema. "Mmeniona nimeshangilia. Na kumbe hii ndiyo niliyokuwa naiita sawa."

"Si macho yako," alisema Bwana Mashine.

"Usinipoze."

"Sikupozi. Ni mimi."

Alikuwa amekibana kile kitambaa chake kichafu mpaka kimekuwa kamba. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayebeba magunia. Kila kazi iliyofika nyuma ikiwa na ubuluu, alisema, yeye aliiona. Hakutaka kumrudishia. Akaingia kwenye mipangilio ya printa, akapunguza buluu kidogo, akaongeza njano kidogo, akachapa upya, mteja akaondoka ameridhika. Kesho yake ubuluu ukazidi, naye akazidisha. Bango la Sindano ndilo lililomshinda. Alivuta njano mpaka ikagoma, na bado likatoka zambarau. Akalikunja akanyamaza, akitumaini mwanga wa dukani kwa Sindano ni hafifu.

"Kwa hiyo leo umetuma rangi sahihi kwa printa iliyopinda," alisema Shemeji polepole. "Kaka! Mimi nahangaika na milango mbele, kumbe mwingine uko huku nyuma, na wewe umeukalia!"

Bwana Mashine alikuwa anamtazama mkewe.

"Ulijua," alisema Bi Rangi. "Ulidhani macho yangu yanakwisha, na ukanificha?"

"Na wewe si ulikuwa unanificha?"

Hasira ilimpanda, ya kweli. Alimpiga begani kwa ile karatasi. Alimpiga tena. Mara ya tatu karatasi ikachanika, na wote wawili wakaanza kucheka na machozi yakiwatoka, mama mkwe akasema haya basi, mashine hiyo irudishwe ilivyokuwa kabla mama wa cherehani hajatuvunjia mlango.

Walirudisha kila namba ya printa mahali ilipozaliwa. Shemeji alisoma kwa sauti, Bwana Mashine akabonyeza, na Bi Rangi akasimama nyuma yao mikono kiunoni kuhakikisha hakuna anayeongeza cha kwake. Kipande cha majaribio kilitoka. Baada yake likatoka bango zima, mita kwa mita, likining'inia mpaka sakafuni.

Sindano alikuja alasiri, si jioni. Alisikika kuanzia nje. Aliingia, akatandaziwa bango mezani, akachukua kitambaa chake na kukilaza juu ya sare, kisha akageuka kumsalimia mama mkwe. Aliporudi alipapasa meza kwa vidole.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Hapo hapo ulipokiweka," alisema Bi Rangi.

Ilimbidi ainame ndipo aone ukingo wake. Alikishika, akakiinua, akakirudisha, akakiinua tena. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Akamkumbatia Bi Rangi mpaka karibu amwangushe, akalikunja bango lake akaondoka nalo akiwaimbia njia nzima watu wasiomjua.

Duka lilipotulia, Shemeji alikusanya vifaa vyake, akaahidi mbele ya mashahidi kwamba hatamkolezea tena mtu rangi, na binti na bibi yake wakatangulia nyumbani. Bi Rangi alibaki anafagia vipande vya ile karatasi iliyochanika. Bwana Mashine alikuwa anafunika printa.

"Nikuulize," alisema Bi Rangi. "Na kama kweli yangekuwa macho?"

"Ningekuwa nakaa mbele na wewe."

"Ufanye nini?"

"Nikwambie rangi."

Bi Rangi alisimamisha ufagio. "Wewe? Wewe ambaye ukiacha huo ubuluu wako huwezi kutofautisha hudhurungi na kijivu? Umewahi kuvaa soksi mbili tofauti kwenye mazishi ya bosi wako wa zamani!"

"Ningejifunza," alisema Bwana Mashine, akaendelea kukaza kamba ya kifuniko.

Alilisema kama mtu anayesema kesho atanunua karatasi. Bi Rangi alitaka kumtania, na utani ulikuwepo, ulikuwa mwingi, lakini aliuacha. Akaweka ufagio ukutani, akaenda kumshikia ule upande wa pili wa kamba.